Kalembe wa Dimbwi la Mwisho

Kasokola, Mpanda
29 Septemba 2024

Baba Jeni,

Tumsifu Yesu Kristo. Usicheke. Najua tangu uliponiposa hujapata karatasi yenye mwandiko wangu, lakini simu yako imelala chini ya ziwa na nyingine umekataa kununua. Na hata ungekuwa nayo, huko bondeni kwetu mtandao mpaka mtu apande kichuguu. Kwa hiyo Sylvanus wa fuso ndiye posta yetu. Ameapa hatafungua barua za watu, ila bahasha nimeibandika kwa ugali, ikifika imeachia utajua.

Tumepata mtoto wa kike. Jeni alifanyiwa upasuaji, sasa yuko nyumbani, anatembea taratibu akishika ukuta. Mtoto ana nywele nyingi na sauti ya mpiga mnada. Mkwe wetu Maiko ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi, anaogopa kumwamsha. Ni kijana mzuri, nilikosea kumsema.

Shida ni maziwa. Yanatoka kidogo, mtoto ananyonya, anaachia, analia. Jeni naye analia. Uji wa ulezi anakunywa, karanga anakula, bado. Nakumbuka nilipomzaa yeye, mama yangu alininywesha mchuzi wa kalembe asubuhi na jioni, na bibi alimnywesha mama hivyo hivyo. Huku mjini kalembe hawajulikani hata kwa jina. Nakuomba unitafutie, wale samaki wadogo wenye kidevu chekundu, uwabanike kwa moto mdogo, uwafunge kwenye majani makavu, umpe Sylvanus. Usiniwekee kambale. Nataka kalembe.

Na vyombo vyangu vipo? Mtungi mkubwa wa mama usiuguse. Karai jipya si la kuchanganyia udongo.

Mkeo,
Theopista


Kalolo, Mpimbwe
6 Oktoba 2024

Mama Jeni,

Milele amina. Bahasha imefika haijaachia, ugali wako unashika kuliko gundi ya dukani.

Nimeisoma barua mara nyingi. Mwambie Jeni baba yake anampongeza na anamwombea. Mtoto akiwa na sauti ya mnada ni wa upande wenu, kwetu tunaongea taratibu.

Kuhusu kalembe, nitajitahidi. Lakini ujue ziwa mwaka huu si lile uliloliacha. Pale tulipokuwa tunafunga mitumbwi sasa watoto wanacheza mpira. Maji yamebaki kwenye dimbwi moja tu, lile la upande wa mafunjo, na viboko wamejazana humo wanagombana. Mto umekatikia juu huko kwenye mifereji ya mpunga, hata tone halifiki. Mwenyekiti ametangaza kwamba kukomba ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Kijiji kizima tutaingia na matenga na nyavu kama kila mwaka, tuvue kilichobaki kabla jua na korongo hawajakimaliza.

Nimewaza sana juu ya hilo. Zamani tukikomba dimbwi, mvua ikinyesha mto ulituletea samaki wengine. Safari hii mto wenyewe ni mchanga mtupu, sijui utaleta nini.

Mimi ni mzima. Jana nilipika maharage. Dada yangu Getrude alikuja kuonja, akarudi kwake bila kusema kitu. Vyombo vipo.

Mumeo,
Nathanael


Kasokola
13 Oktoba 2024

Baba Jeni,

Umeniandikia habari za viboko na mwenyekiti, kalembe wangu umewapa mstari mmoja. "Nitajitahidi" ni neno la mtu anayekataa kwa heshima. Nimeishi na wewe, nalijua.

Najua ziwa limepungua. Najua pia kwamba hakuna mwanaume Kalolo anayejua kutega mgono kuliko wewe. Sikuombi gunia. Wa kutosha chungu kimoja tu. Usiku naamka na mtoto nimpe Jeni nafasi alale, namtembeza ukumbini, namwimbia nyimbo za kwaya zote mpaka zile za Kwaresima. Namwambia babu yake analeta mchuzi.

Mwanao anakusalimu. Anauliza kama bado unavaa lile koti la mvua hata jua likiwaka.

Vyombo umeandika "vipo". Hukuandika viko wapi.

Theopista


Kalolo
20 Oktoba 2024

Mama Jeni,

Pokea kifurushi kwa Sylvanus. Ni kalembe. Wamekauka sana kwa sababu ya jua la mwaka huu, wamekuwa wembamba na wadogo kidogo kuliko unavyowajua. Nimewabanika mwenyewe. Wape maji ya moto wataamka.

Uniwie radhi kwa mwandiko, kibatari kilikuwa kinapepea.

Koti navaa. Asubuhi kuna baridi.

Nathanael


Kasokola
24 Oktoba 2024

Nathanael,

Mimi nimebanika samaki tangu sijaota meno ya mbele. Nimebanika kalembe, perege, kambale, na kila kilichowahi kuogelea Kalolo. Halafu wewe, mume wangu wa ndoa, unaniletea dagaa wa Ikola umewapaka moshi, unasema ni kalembe waliokonda.

Dagaa, Baba Jeni. Maiko alifungua kifurushi, akasema "mama, dagaa hawa wameungua." Nikamwambia nyamaza. Nilicheka mpaka Jeni akashika mshono wake akiniomba niache, nilikuwa namchekesha na yeye. Kisha nikakaa nyuma ya nyumba, kicheko kikaisha.

Ungesema hakuna. Ningeelewa. Mbona umeninunulia uongo gulioni na kuubanika?

Na kibatari gani kinachofanya herufi zote zilalie upande wa kushoto? Una nini?

Theopista


Kalolo
29 Oktoba 2024

Wifi yangu Theopista,

Salamu zangu kwako, kwa Jeni na kwa mjukuu wetu. Mimi si mtu wa maneno, unanijua, na ndiyo maana nimenyamaza wiki zote hizi. Lakini Sylvanus ananiambia mmeanza kununiana na kaka yangu kwa bahasha, nikaona niandike.

Kalembe wapo, wifi. Kaka anawavua kila asubuhi kwenye lile dimbwi. Havui kuuza wala kula. Anawatia kwenye ndoo, na ndoo zilipojaa akachukua beseni zako, na karai jipya, na sufuria ya jumuiya, na mtungi mkubwa wa mama yako. Nyumba yenu sasa ukitaka maji ya kunywa unapiga hodi kwa samaki. Halafu anawapakia kwenye mkokoteni anawapeleka, hutaamini, kwa Machibya. Yule yule Msukuma ambaye ng'ombe wake walikula mpunga wenu juzi juzi tu, mkaapa hamsalimiani. Anawamwaga kwenye lambo lake la ng'ombe. Watu wanacheka. Mwenyekiti anasema Nathanael ameanza kufuga samaki wa Wasukuma.

Na mkono wake wa kulia umevimba kama andazi. Kambale alimchoma mwiba akiwa anawachambua. Anaandika kwa kushoto. Nimemkanda kwa maji ya chumvi, anasema haumi, huku machozi yanamtoka.

Sijasema kitu.

Wifi yako,
Getrude


Kasokola
3 Novemba 2024

Baba Jeni,

Getrude ameniandikia. Usimgombeze.

Nenda zahanati wakauone huo mkono. Hilo kwanza.

La pili sijui niliandike vipi. Niliomba kalembe wa chungu kimoja kwa ajili ya mtoto wa mtoto wako. Ulikuwa nao. Ulikuwa nao kwenye mtungi wa mama yangu. Ukawapeleka kwa Machibya, kwa ng'ombe waliotulaza na njaa, na mimi ukaniletea dagaa.

Sina hasira. Nimeumia. Nataka unieleze wewe, si mtu mwingine.

Theopista


Kalolo
10 Novemba 2024

Mama Jeni,

Nilikwenda zahanati. Wamenipa dawa, mwiba umetoka, uvimbe umepungua. Bado naandika kwa kushoto, nivumilie, barua hii ni ndefu.

Siku niliyopata barua yako ya pili nilikwenda dimbwini na mgono kwa ajili yako. Nakuapia. Nilipata kalembe wa kutosha chungu kimoja, sawasawa na ulivyosema. Nikawamwaga kwenye karai, nikanoa kisu. Mmoja alikuwa jike, kashingo kamevimba, mdomo kaubana. Nikamshika. Akafungua mdomo, vikatoka vitoto, vidogo kama punje za ulezi, vikatawanyika kwenye karai lote. Nilishtuka nikamwachia. Vile vitoto vikamtafuta. Akainamisha kichwa, akafungua mdomo, vikaingia vyote, akafunga.

Najua wanabeba watoto mdomoni. Hakuna mtu Kalolo asiyejua hilo. Lakini nimewavua miaka yote hii sijawahi kukaa nikatazama. Tumbo lake lilikuwa bapa kabisa, limeshikana na mgongo. Hali kitu mpaka watoto wakue, maana akimeza chakula atawameza na wao. Nikaweka kisu chini. Mama Jeni, nilimwona Jeni na mshono wake. Sikuweza.

Sasa ningekuandikia nini? Kwamba mjukuu wangu analia njaa na mimi nimemhurumia samaki? Niliona haya. Nikaenda gulioni Majimoto, nikawaona dagaa, nikasema nikiwapa moshi hatagundua. Mpaka leo sielewi nilikuwa nafikiri nimeoa nani.

Nikaanza kupiga hesabu ya kukomba. Kambale hana shida, anajichimbia topeni, anangoja. Perege wapo kwingine. Lakini kalembe nimeuliza wavuvi wa kule chini na wa kule juu, wote wanasema hawajamwona mwaka wa pili huu. Kama wa kwetu ndio waliobaki, na kijiji kizima tunaingia na matenga, basi tunakomba chungu ambacho hakitapikwa tena. Mama yako alikunywesha wewe mchuzi, na Jeni atamnywesha mwanawe nini?

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwomba tuwatoe kalembe kwanza. Akasema niwatoe, niwapeleke wapi? Nyumbani walikaa siku mbili tatu, wengine wakaanza kufa kwenye ndoo. Lambo lenye maji bondeni kote ni moja, nawe unajua la nani.

Nilisimama nje ya boma la Machibya muda mrefu. Mkewe Kabula ndiye aliyeniona. Akaniletea kigoda, akaniletea maziwa, kama vile mpunga haujawahi kuliwa. Machibya akatoka. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mzee, nyumba hii samaki hatuli. Mama yangu alikwamwa na mwiba nikiwa mdogo, tangu hapo hawaingii kwetu. Leta wageni wako, hapa hakuna atakayewagusa. Ila wasije wakanilalamikia ng'ombe wangu wanatia matope." Nikamwambia hawalalamiki. Kisha akasema juu ya ule mpunga alikuwa anatafuta mlango wa kuingilia aje kuomba radhi, hakuupata. Nikamwambia ndio huu.

Ndiyo maana nikachambua kila ndoo kwa mkono, kitoto cha kambale kingeingia lamboni, mwaka ujao kingekuwa kimewamaliza wote. Mmoja hakupenda kuchambuliwa, akanichoma.

Kabula anafukuza korongo kwa ufagio asubuhi na jioni. Machibya amezungushia miiba upande mmoja, ng'ombe wanywe upande wa pili tu.

Kukomba kulikuwa jana. Watu walijaa, ngoma zilipigwa, kambale walipatikana wengi. Jioni Getrude alikuja na sufuria yake, ndani kalembe aliowatoa kwenye wavu wake, wanahema. Akanikabidhi bila kusema neno. Unaweza kupima mwenyewe ilivyomgharimu. Nyuma yake wakaja wengine na vindoo vyao.

Mtungi wa mama yako haujapasuka. Nimeuosha. Bado unanuka kidogo.

Nisamehe kwa dagaa. Kwa kalembe sijui kama naweza kuomba msamaha.

Nathanael wako


Kasokola
17 Novemba 2024

Baba Jeni,

Nimesoma barua yako jikoni mpaka uji ukaungua.

Sasa na mimi nikuambie. Maziwa ya Jeni yalitoka zamani. Yalianza wiki ile ile niliyokuandikia barua ya pili, baada ya Jeni kupata usingizi na kuacha kuogopa. Yakaja mengi, mpaka yanalowesha kanga. Dagaa wako walipofika mtoto alikuwa tayari ana mashavu.

Utauliza kwa nini niliendelea kudai. Nilikuwa nimetumaini utachoka na Sylvanus, utawaleta mwenyewe. Nilikuwa nimekukumbuka. Sikujua namna ya kumwandikia mtu niliyezeeka naye kwamba nimemkumbuka, kalembe walikuwa rahisi kuandika. Kwa hiyo kama ni uongo, tumebanika wote wawili.

Lakini niliumia kweli, hilo usilifute. Niliumia kwa sababu nilidhani hukutusikia. Kumbe ulitusikia kuliko nilivyodhani.

Nilimsomea Jeni kile kipande cha yule jike kwenye karai. Alikuwa ananyonyesha. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mama, nawe tangu ufike hapa sijakuona ukimaliza sahani." Nikamwambia mambo ya jikoni hayanipi nafasi. Akasema, "Kiuno chako kinaingia kwenye gauni langu la shule." Akaanza kulia, nikalia na mimi, mtoto akatuangalia kama watu wasio na akili.

Wamemwita Lidia, jina la mama yake Maiko. Nilitaka jina la upande wetu, nikanyamaza. Nawe unajua inavyonigharimu.

Msalimu Kabula. Mwambie nitamletea ufagio wa mjini.

Maharage unapika vipi sasa?

Theopista


Kalolo
1 Desemba 2024

Mama Jeni,

Mkono umepona. Ndio huu unaoandika.

Mvua imefika. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika, mto ukashuka na matope na magogo, ziwa likaanza kurudi. Uwanja wa mpira una bata. Nilimwambia Machibya tungoje maji yatulie. Jana asubuhi alikuja mwenyewe kuniita.

Tumekata mchirizi kutoka lamboni mpaka kwenye mkondo. Watu walikuja, na mwenyekiti alikuja, akasema lilikuwa wazo la kamati. Nikamwachia. Walitoka wengi, Mama Jeni, kuliko tulioingiza. Wametoka na wanene, samadi ya ng'ombe imewafaa. Madume yameshapata wekundu kidevuni. Machibya alisimama ukingoni na fimbo yake, akauliza, "Wageni ndio wameaga hivyo, hata asante hakuna?" Kabula akamwambia wengine wamebaki. Na kweli tumewaacha wengine mle, kwa makubaliano. Kikao kimesema kuanzia mwakani kalembe watatolewa kwanza, ndipo kukomba kufanyike, na ile kona ya mafunjo hapatupwi wavu.

Watu walipoondoka nilibaki. Maji ya pembeni bado ni haba, yanafika kwenye kifundo cha mguu, nyasi mbichi zimefunikwa. Nilimwona jike mmoja amekuja humo na kashingo kake kamevimba. Akafungua mdomo, watoto wakatoka. Nikangoja awaite. Hakuwaita. Walikuwa wakubwa tayari, wakaingia kwenye nyasi kila mmoja upande wake. Alikaa pale pale kidogo, anatikisa mapezi kama hajui aende wapi. Halafu akageuka, akaanza kula.

Nilitamani ungekuwepo. Naandika hivyo hivyo bila kupitia kwa samaki: nilitamani ungekuwepo.

Maharage yameiva vizuri sasa. Getrude amerudia sahani.

Nathanael


Kasokola
5 Desemba 2024

Baba Jeni,

Jeni anabeba ndoo mwenyewe. Lidia amejifunza kucheka, ila anamchekea Maiko tu. Jana nilimwogesha, nikamkabidhi mama yake, nikakaa kizingitini sina cha kufanya.

Nakuja Jumamosi na Sylvanus. Bandika maharage mapema, na weka mengi. Nina njaa.

Theopista